Tawakali na Waya Uliolegea

Yako masuala ya dini ambayo wanazuoni waliyajadili karne baada ya karne kwa kalamu na wino, nayo hukatiwa hukumu kila kukicha, kwa haki au kwa batili, na watu wasiopata kufungua hata kitabu kimoja kati ya vilivyoandikwa juu yake. Suala la tawakali ni miongoni mwa hayo. Mja anapomtegemea Mola wake, je, kuzishika sababu za dunia hii kwa mikono miwili humpunguzia utegemezi wake, au kuziachia ndiko kunakomvunjia Mola adabu? Nataka kulitazama suala hili mahali ambapo si kawaida kutazamwa, yaani chini ya tangi la pikipiki, pale ambapo waya mmoja mnene, mweusi, usiozidi sana urefu wa dhiraa, hutoka katika koili kwenda kwenye plagi, na ambapo ncha ya waya huo, isiposhikwa barabara ndani ya koili yake, huwa chanzo cha taabu ambayo aghalabu tunaipa jina la mkosi, au la jicho la hasidi, au la kudra.

Yafaa kwanza niieleze kazi yenyewe, maana haiwezekani kutoa hukumu ya haki juu ya fundo ambalo hatujui linafunga nini. Koili ni chombo kidogo cha kujaa kiganjani, kilichofinikwa kwa plastiki ngumu, na ndani yake mna chuma kilichozungushiwa nyuzi mbili za shaba: uzi mnene wenye mizunguko mamia tu, na uzi mwembamba sana wenye mizunguko maelfu kwa maelfu. Katika mitambo ya zamani ya platini, umeme wa volti 12 ukipita katika uzi mnene kisha ukakatwa ghafula, usumaku uliojengeka katika chuma huporomoka, na kuporomoka huko huzaa katika uzi mwembamba umeme wa volti 10,000, na pengine zaidi ya 20,000. Kanuni hii ilidhihirishwa na Michael Faraday mjini London mwaka 1831, na mwaka 1902 karakana ya Robert Bosch huko Stuttgart, kwa akili ya mhandisi wake Gottlob Honold, ikakamilisha mtambo wa sumaku wa umeme mkali pamoja na plagi yake. Mitambo ya leo imebadilika sura, lakini mwisho wa safari ni ule ule: umeme hutoka katika koili, hupita katika waya mnene, hufika kwenye plagi, na huko ndani ya silinda huruka mwanya wa milimita 0.6 au 0.8, na mruko huo ndio cheche inayowasha petroli na hewa. Injini ya mipigo minne ikizunguka mara 6,000 kwa dakika huhitaji cheche 3,000 katika dakika hiyo moja, kila moja kwa wakati wake, bila kutangulia wala kukawia.

Sasa, kinachoushika waya huo katika koili ni kitu duni kwa umbo. Katika koili nyingi, chini ya tundu mna skrubu nyembamba iliyochongoka. Waya huingizwa na kuzungushwa mpaka skrubu ing'ate nyuzi za shaba zilizo katikati yake, kisha mpira huvutwa juu ya kinywa cha tundu ili maji na vumbi visipite. Hakuna zaidi ya hapo. Mtikisiko wa injini, mkono wenye haraka unaoichomoa plagi kwa kuvuta waya badala ya kushika kofia yake, na ule unyevu wa chumvi ambao sisi watu wa pwani huuvuta kwa kila pumzi, vyote huushambulia mng'ato huo mdogo mchana na usiku.

Waya ukikatika kabisa, hakuna ubishi. Pikipiki haiwaki, mwenyewe huisukuma hadi kwa fundi, na fundi huona. Taabu kubwa imo katika waya uliolegea, maana huo si mzima wala haukukatika. Hewa huuzuia umeme kwa kadiri ya volti 3,000 kwa kila milimita, nayo koili ina volti za kutosha, basi ncha ya waya ikijitenga na skrubu kwa unene wa ukucha, umeme huuruka mwanya huo kisha huuruka na ule halali wa kwenye plagi, na pikipiki huenda kama isiyo na dosari. Lakini kila mruko huunguza shaba kidogo na kuacha masizi meusi na kutu ya kijani. Mwanya huzidi kupanuka. Kisha masika huingia, maji hutambaa juu ya mpira, na umeme, ambao desturi yake ni kuifuata njia iliyo nyepesi, huiacha plagi na kukimbilia chuma cha fremu. Hapo ndipo injini inapoanza kile ambacho mafundi hukiita kumisi: inapokea, inakataa, inapokea tena, na pengine inazima katikati ya mlima na lori li nyuma yake. Jua likitoka na mpira ukikauka, pikipiki huwaka kwa pigo moja. Mwenye pikipiki humshukuru Mungu, naye anafanya vyema kumshukuru. Ila anaendelea na safari yake bila kufunua kitu, na hapo ndipo ninapoanza kuwa na neno.

Imepokewa katika hadithi aliyoitoa Tirmidhi ya kwamba mtu mmoja alimwuliza Mtume (S.A.W.) iwapo amfunge ngamia wake kisha atawakali, au amwachie kisha atawakali, akaamrishwa amfunge na atawakali. Hadithi hii hutajwa mimbarini na barazani, na watu huiridhia mara moja, kwa sababu kila mmoja wetu hudhani kwamba yeye yumo katika kundi la waliofunga. Lakini mwulizaji yule aliuliza juu ya kufunga na kuachia tu. Hakuuliza juu ya fundo linaloonekana kuwa ni fundo ilhali halishiki kitu. Na fundo la namna hii, kwa maoni yangu, ndilo linalotawala zama zetu. Ni nadra kumkuta mtu anayeacha waya wake ukining'inia hadharani akasema kwamba amemtegemea Mungu. Ni rahisi kabisa kumkuta aliyezungushia tepu nyeusi mahali palipolegea, akapata kitu cha kumwonyesha abiria, na kitu cha kujionyesha yeye mwenyewe, na siku ya msiba akanyanyua mikono na kusema kwamba alifunga, yaliyobaki yalikuwa ya Mungu. Aliyeachia anajua kwamba ameachia, na huenda siku moja akatubu. Aliyefunga fundo legevu amejinyima sababu na amejinyima tawakali, na badala ya vyote viwili amejipatia udhuru.

Hapa mtu mwenye elimu aweza kunijia na hoja nzito zaidi. Aweza kusema: Imamu Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika suala la kumi na saba la kitabu chake Tahafut al-Falasifa, alikana kwamba kuna lazima ya kiakili baina ya sababu na kinachoifuata, alisema kwamba pamba ikikaribiana na moto ikaungua, kuungua huko ni kitendo cha Mungu, na moto wenyewe hauna kitendo, ila Mungu amejaalia ada ya kwamba hili lifuatane na lile. Basi, asema mtu huyu, ikiwa moto hauunguzi, skrubu nayo haitoi cheche, na mwenye kuuhangaikia waya anahangaikia kivuli. Na waya wenyewe uliolegea si ushahidi wa maneno ya Imamu? Leo umegusana na koili, cheche imepatikana. Kesho umegusana vile vile, cheche haikupatikana.

Ibn Rushd wa Kurtuba alikwisha kuijibu hoja ya Imamu kwa njia yake, akaona kwamba mwenye kuzikanusha sababu ameikanusha elimu yenyewe, na mjadala wao utasomwa maadamu kuna wasomao. Mimi sina haja ya kuingia baina ya majabali hayo mawili, kwa kuwa suala la waya hukatika kabla ya kufika huko. Waya wa leo na waya wa kesho haukugusana vile vile. Mpira ulifunika, macho hayakuona, ulimi ukasema vile vile. Ada ya Mungu haikubadilika hata kwa kadiri ya unywele: siku zote shaba iliyoshikwa barabara hupitisha umeme, na siku zote maji ya chumvi yaliyoipata njia huuiba. Pengo tulilolidhania kuwa limo katika ada ya Mungu limo katika waya wetu. Na hii ndiyo sababu naona kwamba kuuita waya uliolegea kudra si unyenyekevu, ingawa hutamkwa kwa sauti ya unyenyekevu. Ni kumnasibishia Mola kigeugeu ambacho ni chetu sisi.

Tena Al-Ghazali mwenyewe hakumpa mzembe pa kujificha. Katika kitabu chake Ihya, pale anapoieleza tawakali, alizigawanya sababu katika daraja tatu: zilizo za yakini, zilizo za dhana yenye nguvu, na zilizo za kuwaziwa tu. Juu ya daraja ya kwanza alisema kwamba mwenye njaa aliyewekewa chakula asinyooshe mkono kwa kudai kwamba kunyoosha mkono kunamvunjia tawakali, huyo ana wazimu, na hali yake haina uhusiano na tawakali. Mtu yule yule aliyeunyang'anya moto uwezo wa kuunguza ndiye aliyemwamrisha mwenye njaa anyooshe mkono. Hakuna mgongano hapo. Ikiwa kufuatana kwa mambo ni ada aliyoijaalia Mungu, basi kuijua ada hiyo na kuifuata ni sehemu ya kumjua yeye, na kuushika waya katika koili ni kuishika ada yake mahali alipoiweka.

Katika mji wa Tanga, si mbali na barabara iendayo Pangani, niliwahi kukaa nikamtazama fundi mmoja kijana akiifanya kazi hii chini ya mkungu. Alizima ufunguo, akafungua nati za koili akaigeuza mkononi, akaurudisha mpira nyuma, akaushika waya karibu kabisa na kinywa cha tundu na kuuzungusha kinyume na saa mpaka ukatoka. Ncha ilikuwa nyeusi, na kando yake kijani. Dereva wa pikipiki alikuwa amesimama, ufunguo ukimchezea kidoleni, akamwambia, "Kaka, nizungushie tepu tu, jioni nadaiwa hesabu." Fundi hakuacha kazi. "Tepu inaficha, haishiki," alisema, "subiri kidogo, ndugu yangu." Akakata kipande kisichofika sentimita moja, akaitazama ncha mpya, akaona shaba bado imetiwa doa, akakata tena kidogo mpaka ikaonekana nyekundu, safi, mkato wenyewe umenyooka. Akaisafisha skrubu iliyo tunduni, akauingiza waya na kuusukuma huku akiuzungusha kufuata saa, polepole, mpaka mkono wake ukahisi mng'ato. Kisha akafanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: aliuvuta waya kwa vidole viwili, si kwa nguvu nyingi, akangoja, akauvuta tena. Nikamwuliza kwa nini anavuta kitu alichokwisha kukifunga. Akanijibu kwa adabu, "Kwa macho, mzee wangu, kila waya umeingia. Ukiuvuta ndipo unajua." Akapaka grisi chembe katika mpira, akaurudisha mahali pake, akaufungia waya kwenye fremu kwa kamba ya plastiki, akiuachia ulegevu wa kutosha usije ukavutwa na mtikisiko wa injini.

Mvuto ule wa vidole viwili nauhesabu kuwa ibada. Hakuwako abiria wa kumsifu, na mpira ulikuwa karibu kufunika kila kitu. Dereva alikuwa ameridhia tepu, na malipo yangekuwa yale yale. Aliyemwona ni yule ambaye hafichwi na mpira. Kama ipo tofauti baina ya fundi anayemwamini Mungu na fundi anayemtaja Mungu, sidhani kwamba twaweza kuipata penginepo kwa wazi zaidi ya hapo, baina ya kufunga na kuhakikisha kwamba kimefungika.

Pikipiki ile ilikuwa na maandishi nyuma yake ya kumwomba Mungu ulinzi, kama zilivyo nyingi, na sipendi mtu adhani kwamba nayadharau. Muislamu anapopanda chombo husoma dua iliyomo katika Kurani, katika Sura ya Zukhruf, ya kumtakasa aliyetutiishia chombo hiki, ambacho kwa uwezo wetu tusingalikimudu. Dua hiyo, mwenye kuizingatia, inamfungia mlango wa uzembe. Kitu kilichotiishwa kimetiishwa kwa masharti. Ngamia ametiishwa, lakini kwa kamba na maji. Umeme umetiishwa, lakini kwa shaba safi, kwa mpira usiopasuka, na kwa skrubu inayong'ata. Anayeisoma dua hali anajua kwamba waya wake umelegea anaishukuru neema kwa ulimi huku akiyakataa masharti yake kwa mkono.

Nakiri kwamba lipo jambo moja linaloelekea kuipinga hoja yangu, nalo lajulikana katika gereji za wazee. Plagi ikijaa masizi na mafuta hata cheche ikakataa, mafundi wa zamani walikuwa wakiweka mwanya makusudi katika waya, pengine kwa kutumia kifungo cha koti, ncha moja ya waya katika tundu hili la kifungo na ncha nyingine katika tundu la pili, umeme ukaruka baina yake. Na plagi iliyokuwa imekataa ikakubali. Hili ni kweli, na lina maelezo yake: mwanya huuzuia umeme mpaka upande vya kutosha, kisha huuachia kwa ghafula, nao hufika kwenye plagi kabla ya kupata nafasi ya kuvujia katika masizi. Basi je, kulegea nako si dawa? Ni dawa kwa mtu aliye njiani usiku, mbali na mji, mwenye mgonjwa nyuma yake. Wanasheria wetu walisema zamani kwamba dharura hupimwa kwa kadiri yake. Mwanya ule uliwekwa na mtu anayeujua, kwa kipimo anachokijua, kwa safari ya kufika kwa fundi. Na akifika, kifungo hutolewa na plagi ikasafishwa au ikabadilishwa. Mwanya aliouweka mtu kwa akili na mwanya uliojiweka kwa uzembe ni vitu viwili, japokuwa kwa macho ni upana ule ule wa hewa.

Na kwa upande wa pili wako wanaopindukia katika kufunga. Al-Ghazali alimshauri mwenye nyumba afunge mlango wake atokapo, ila asizidishe mno katika kujikusanyia kufuli na walinzi. Katika gereji kupindukia huku kuna sura yake: waya humiminiwa gundi hata siku ya kuutoa koili ipasuke, au hupakwa ile silikoni yenye harufu ya siki, ambayo inapokauka hutoa asidi inayoila shaba, na hivyo kilichowekwa kuhifadhi kikaharibu. Kadhalika huingizwa waya wa kiini cha kaboni katika koili yenye skrubu, nayo skrubu haiwezi kuking'ata kiini cha namna hiyo. Yataka waya wenye nyuzi za shaba. Hofu bila maarifa haifungi kitu.

Limebaki suala la dhima, nalo ni zito kuliko yote, kwa sababu anayeumia aghalabu siye aliyelegeza. Ziko pikipiki, mathalan Honda CB750 iliyotoka Japani mwaka 1969, ambazo koili yake moja hulisha plagi mbili: umeme hutoka kwa waya mmoja, huruka katika plagi ya kwanza, hupita katika chuma cha kichwa cha injini, huruka katika plagi ya pili, na kurudi katika koili kwa waya wa pili, hata waya mmoja ukilegea silinda mbili huyumba, na ile isiyo na kosa hutiliwa shaka sawa na yenye kosa. Ndivyo ilivyo na sisi. Abiria aliyeanguka mlimani hakumjua fundi. Fundi hakumjua mwenye chombo. Na kila mmoja ana mtu wa kumnyooshea kidole. Imepokewa kwa Sayyidna Ali kwamba aliwatoza mafundi dhima ya mali za watu zilizopotea mikononi mwao, akiona kwamba watu hawatatengenea ila kwa hilo. Wanazuoni walihitilafiana juu ya mipaka yake, lakini kiini chake ni wazi: aliyepokea kazi amepokea amana, na hawezi kuitupia kudra pindi inapomponyoka.

Hata hivyo si insafu kumwekea fundi mzigo wote, wala dereva. Kijana yule aliyetaka tepu hakuwa mwovu. Alikuwa anadaiwa hesabu ya jioni na mwenye chombo, ambaye vijana humwita tajiri, na kila saa aliyokaa chini ya mkungu ilikuwa inatoka katika chakula cha watoto wake, kwa maana tajiri haulizi mvua ilinyesha wala waya ulilegea. Hupokea fedha kamili, au hupokea ufunguo wa pikipiki yake. Ulegevu mwingi tunaouona barabarani ulianzia katika hesabu hiyo, kisha ukashuka hadi kwenye skrubu. Tena hauna faida hata kwa huyo tajiri, kwa kuwa umeme mkali ukinyimwa njia yake hupanda ndani ya koili hata ukatoboa kinga ya nyuzi zake, na aliyekataa kumpa kijana saa moja ya kukata ncha ya waya hulazimika kununua koili nzima. Mimi naona kwamba mwenye chombo naye yumo katika hadithi ya ngamia, na kwamba fundo lake linampasa kabla ya sadaka yake ya Ijumaa: atoe gharama ya waya na ya koili pasipo kuombwa mara mbili, na siku ambayo pikipiki imelala gerejini ikingoja kifaa, hesabu ya siku hiyo asiidai.